Hodi, Jibu na Daftari la Bawabu: Istilahi za Ufuatiliaji wa Miunganisho katika Ngome ya Mtandao

1. Utangulizi

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) liundwe nchini Tanzania mwaka 1967, waundaji wa istilahi wamekabiliwa na swali lisilokwisha: je, istilahi mpya itafsiri neno la lugha chanzi, au iitaje dhana ambayo neno hilo linaiwakilisha? Katika uwanja wa kompyuta swali hilo lilipata uzito zaidi mwaka 2004, pale mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili. Katika menyu, istilahi isiyo wazi humchelewesha mtumiaji tu: atabofya, ataona kosa, kisha atarudi alikotoka. Katika kanuni za ngome ya mtandao hali ni nyingine. Neno moja likieleweka vibaya, mlango huachwa wazi kwa kila mpitaji, au seva hufungiwa isiweze kuzungumza na yeyote.

Mhadhara huu unachambua istilahi nne zinazotumika katika kufuatilia miunganisho ya mtandao. Hoja yake kuu ni kwamba maneno ya Kiingereza yanayotumika hapo yenyewe yana utata, na kwa hiyo Kiswahili hakina sababu ya kuurithi utata huo.

2. Ngome na bawabu wake

Jina la chombo chenyewe ni funzo la kwanza. Katika Kiingereza, jina hilo lilitokana na ukuta unaojengwa ili moto usienee kutoka sehemu moja ya jengo hadi nyingine. Likitafsiriwa neno kwa neno kuwa "ukuta wa moto", msomaji wa Kiswahili huona ukuta unaowaka. "Ngome" inafaa zaidi, kwa kuwa inaitaja kazi ya chombo, ambayo ni kulinda. Hata hivyo, ngome haiamui nani apite. Anayeamua ni bawabu aliye langoni.

Bawabu wa aina ya kale hakuwa na kumbukumbu. Kila pakiti ya data ilipofika, alikagua anwani itokako na iendako, namba za milango na itifaki, kisha akaamua bila kujali kilichotangulia. Udhaifu wake ni dhahiri. Kompyuta iliyo ndani inapoomba ukurasa kutoka katika seva kupitia mlango namba 443, jibu hurudi kwenye mlango wa muda ambao namba yake haijulikani mapema. Ili jibu lipite, bawabu huyo hulazimika kuacha wazi maelfu ya milango, na kila aliye nje aweza kuitumia.

Ufuatiliaji wa miunganisho uliondoa tatizo hilo kwa kumpa bawabu daftari. Katika mfumo wa Linux, uwezo huo uliingia pamoja na Netfilter katika kiini toleo la 2.4, lililotolewa Januari 2001. Nayo nftables, inayotumika sasa kuandika kanuni hizo, iliingia katika toleo la 3.13 la Januari 2014. Kila mstari wa daftari huhifadhi anwani mbili, namba mbili za milango, itifaki, na muda ambao rekodi hiyo itadumu pasipo pakiti nyingine kupita. Pakiti inapofika, bawabu hulinganisha sifa zake na daftari, kisha huipa mojawapo ya hali nne.

3. Hali nne na majina yake

Hali ya kwanza huitwa "new". Tafsiri ya haraka ni "mpya", lakini upya huo hauhusu umri wa mazungumzo. Ngome ikizimwa na kuwashwa, daftari hufutika. Pakiti ya mazungumzo yaliyoanza saa nyingi nyuma yaweza kuhesabiwa kuwa "new", kwa sababu tu haina rekodi. Kinachotajwa ni msimamo wa pakiti mbele ya bawabu: ni mgeni asiyeandikwa, anayesubiri kuitikiwa. Waswahili wana neno la msimamo huo, nalo ni "hodi". Pakiti ya hodi ni ile inayoweza kufungua rekodi mpya, endapo kanuni itairuhusu.

Hali ya pili, "established", ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Tafsiri zinazojitokeza kwanza ni "iliyoanzishwa" na "imara", na zote mbili hupotosha. Muunganisho "ulioanzishwa" hautofautiani na ule wa hodi, kwani naye aliyebisha hodi ameanzisha jambo. Muunganisho "imara" huashiria kuaminika, ilhali bawabu hakukagua uaminifu. Programu haribifu yaweza kupita ndani ya muunganisho wa hali hii. Katika Kiingereza chenyewe neno hili lina maana mbili. Itifaki ya TCP, kwa mujibu wa maelezo yake ya mwaka 1981 yaliyoandikwa upya mwaka 2022, hufungua mazungumzo kwa hatua tatu, na muunganisho hufikia hali hiyo baada ya hatua ya tatu. Bawabu wa Netfilter hutumia neno hilohilo mara tu aonapo pakiti ya jibu kutoka upande wa pili, yaani katika hatua ya pili. Zaidi ya hayo, hulitumia hata kwa UDP, itifaki isiyo na hatua zozote za kufungua mazungumzo. Kinachoshirikiwa na matumizi hayo ya bawabu ni kimoja tu: hodi imepata jibu. Hivyo basi istilahi stahiki ni "muunganisho uliojibiwa".

Hali ya tatu, "related", humhusu mgeni anayeingia kwa sababu ya mazungumzo mengine. Katika itifaki ya kuhamisha mafaili ya FTP, amri hupita mlango namba 21, lakini data huhitaji muunganisho wa pili. Bawabu aliyewekewa msaidizi wa kusoma amri hizo huutarajia muunganisho huo. Vilevile, ujumbe wa ICMP unaoarifu kwamba pakiti fulani haikufika huingia katika kundi hili. Wanaisimu wanalo jina tayari: "tegemezi". Kama kishazi tegemezi kisivyojitosheleza bila kishazi kikuu, muunganisho huu hupata maana yake kutokana na mwingine.

Hali ya nne, "invalid", hutafsiriwa kwa wepesi kuwa "batili". Lakini batili ni hukumu ya kisheria, ilhali bawabu anasema tu kwamba pakiti haioani na rekodi yoyote, wala haiwezi kufungua mpya. Pakiti halali yaweza kuangukia humo iwapo nusu ya mazungumzo hupita njia nyingine asiyoiona bawabu. "Isiyotambulika" ni jina la haki zaidi.

4. Istilahi katika kanuni

Thamani ya majina hayo hupimwa katika uandishi wa kanuni. Kwa seva ya kawaida, mpangilio ni huu: kwanza, pitisha uliojibiwa na tegemezi, pili, tupa isiyotambulika, tatu, pitisha hodi za mlango 443 kutoka popote, na za mlango 22 kutoka kwa wasimamizi pekee, mwisho, zuia kila kilichosalia. Kanuni ya kwanza hutangulia kwa kuwa pakiti nyingi ni za mazungumzo yaliyokwisha kujibiwa, hivyo hazihitaji kupitia orodha nzima.

Mwanafunzi aliyefundishwa "iliyoanzishwa" aweza kudhani kwamba kanuni ya kwanza haikamiliki bila "mpya", akaviunganisha viwili hivyo. Matokeo yake ni ngome isiyozuia karibu chochote. Mwingine aweza kuiondoa kanuni hiyo kwa kudhani kwamba kanuni ya tatu inatosha. Seva yake itatuma maswali kwa seva za majina, na majibu yatatupwa langoni. Aliyefundishwa "hodi" na "uliojibiwa" ana kinga dhidi ya makosa yote mawili, kwa sababu maneno yenyewe yanamwonyesha nani amebisha na nani ameitikiwa.

Daftari nalo lina mipaka. Kwa mpangilio wa awali wa Linux, rekodi ya TCP iliyojibiwa hudumu hadi sekunde 432,000, yaani siku 5, bila pakiti kupita. Ya UDP isiyojibiwa hudumu sekunde 30. Daftari likijaa, hodi mpya hutupwa hata kama kanuni zinaziruhusu, huku mazungumzo ya zamani yakiendelea. Msimamizi anayejua kwamba tatizo ni la daftari hatapoteza siku nzima akihariri kanuni zisizo na kosa.

5. Hitimisho

Maneno manne ya Kiingereza yataendelea kuandikwa katika amri, kwa kuwa ndiyo mashine iyajuayo. Kiswahili kina wajibu kwa mtu anayeziandika amri hizo. Mwundaji wa istilahi anayeanza na kamusi ya lugha mbili hupata "mpya", "imara" na "batili", maneno sahihi mahali pengine. Anayeanza kwa kuuliza bawabu anaona nini na anaandika nini hupata maneno ambayo mwanafunzi anaweza kuyategemea siku atakapoachiwa lango peke yake.