Saa za Rubani na Saa za Mgonjwa: Kutoka Kibaha na Kisarawe hadi Mumbai

Kati ya Dar es Salaam na Mumbai, kwa mstari wa moja kwa moja, kuna takriban kilomita 4,700, na ndege isiyotua njiani huzimaliza kwa muda wa saa 6 hivi. Hesabu hiyo, ambayo huelezwa wagonjwa wanaokwenda India kutibiwa, ni sahihi kwa rubani. Kwa mishipa ya damu ya abiria haitoshi.

Mgonjwa wa Kibaha yuko yapata kilomita 40 kutoka katikati ya jiji, kando ya Barabara ya Morogoro. Wa Kisarawe huteremka vilima vya Pugu na kufika uwanjani mapema zaidi. Ukijumlisha foleni za barabarani, kungoja uwanjani, safari yenyewe na ukaguzi wa kule, saa 6 hukaribia 12, na nyingi kati ya hizo hupita mgonjwa akiwa ameketi.

Damu ya miguuni hupanda kuelekea moyoni kwa kusukumwa na misuli ya vigimbi. Mtu asipotembea, msukumo huo hudhoofu, damu hutuama na huweza kuganda ndani ya vena. Ganda likikatika husafiri hadi mapafuni, na huweza kuua. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba safari ya saa 4 au zaidi huongeza hatari hiyo takriban mara 2, iwe ya ndege, treni, basi au gari dogo. Kwa mwenye afya njema bado ni ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000. Lakini mjamzito, mwenye saratani, aliyewahi kupata ganda na aliyepasuliwa karibuni hawamo katika hesabu hiyo njema. Kwa hiyo safari ya kurudi, mshono ukiwa bado mbichi, mara nyingi ni ya hatari kuliko ya kwenda, ingawa maandalizi ya familia huishia kwenye ile ya kwenda.

Liko pia suala la hewa. Ndani ya ndege hewa hulingana na ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400; ni kama kumtoa mtu Kisarawe na kumfikisha Mbeya, au juu zaidi, kwa nusu saa. Mwenye selimundu, upungufu mkubwa wa damu au ugonjwa wa mapafu huenda akahitaji oksijeni, na shirika la ndege huarifiwa kabla ya siku ya safari.

Inafaa kusimama na kutembea kila baada ya saa moja au mbili, kukunja na kukunjua vifundo vya miguu, na kunywa maji. Soksi za kubana na dawa za kuzuia damu kuganda huamuliwa na daktari. Aspirini ya kujinunulia si mbadala wake. Mguu mmoja ukivimba au pumzi ikikatika ghafla, hata wiki kadhaa baada ya kurejea, mgonjwa afike hospitali siku hiyohiyo, na jambo la kwanza kumwambia daktari ni kwamba alisafiri.