Posti za Fensi: Hesabu ya Kitale na ya Bungoma

Posti haianzi kuoza kichwani. Huoza pale inapoingia ardhini, kwenye upana wa kiganja ambapo maji, hewa na udongo hukutana. Mvua za Aprili zilipoanza, niliisukuma kwa mkono mmoja posti ya kona nyumbani kwangu Kitale, ikalala. Juu ilikuwa ngumu kama siku ilipowekwa. Usawa wa ardhi kilikuwa kimebaki kiini chembamba kama kifundo cha mtoto, kimezingirwa na njia za udongo za mchwa.

Mtaa wetu una chama cha wakaazi, na kanuni zake ni za maandishi: posti za upande wa barabara zifanane, seng'enge ya miba isiwekwe mbele, na barua ifike kwa kamati kabla fundi hajachimba shimo. Dada yangu anayeishi karibu na Kanduyi, Bungoma, hana kamati. Ana majirani watatu tu, na mchwa wengi kuliko wangu, kwa kuwa Bungoma iko chini zaidi na kuna joto. Huko kumbikumbi ni kitoweo, na chungu kikijaa kumbikumbi ujue kichuguu hakiko mbali na fensi.

Tuanze na hesabu. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina mzunguko wa futi 300. Ukiweka posti kila futi 10, unahitaji 30, bila kuhesabu miegemeo ya kona. Bei hubadilika kila msimu, kwa hiyo hizi ni za mfano tu. Weka za muuzaji wako mahali pake. Tuseme posti mbichi ya mkaratusi ni shilingi 150, iliyotiwa dawa kiwandani ni 500, ya simiti ni 900, na kuchimba shimo na kusimamisha ni 100.

Posti mbichi kwenye udongo wa mchwa huenda isipite miaka mitatu. Ndani ya miaka 20 utaiweka mara saba hivi, ukihesabu ya kwanza: posti 31,500, kazi 21,000, jumla 52,500. Ya dawa, ikiwa ilitiwa dawa sawasawa, inaweza kukaa miaka hiyo yote: 15,000 na kazi 3,000, jumla 18,000. Ya simiti ni 30,000, na itaendelea kusimama baada ya hapo. Ile inayoonekana rahisi dukani ndiyo ghali kuliko zote. Nimeona familia zikiinunua tena na tena kwa sababu pesa iliyo mkononi siku hiyo inatosha hiyo tu, na hilo linaniuma. Afadhali ununue posti 10 za dawa mwaka huu, ubadilishe upande mmoja, usubiri mavuno yajayo.

Lakini neno "dawa" lina watu wanaolichezea. Wengine hupaka oili chafu ya gari na kuiita tiba. Itazame posti kwenye ncha iliyokatwa. Dawa ya kiwandani yenye shaba huacha rangi ya kijani, nayo iwe imeingia ndani ya mti, isiwe utando wa juu tu. Ukilazimika kufupisha posti, ncha uliyokata ielekee juu, kamwe isizikwe. Na vipande vinavyobaki visiingie jikoni: dawa nyingi za aina hiyo zina aseniki, na moshi wake ni sumu. Waambie watoto na mama mpishi mapema, kwa sababu kuni kavu zilizolala uani hazikai siku mbili.

Kwa posti za simiti, muulize muuzaji zilimwagwa lini. Simiti hupewa siku 28 ikomae. Tazama pia kama ndani kuna vyuma halisi au waya wa kufungia tu. Kumbuka na uzito: posti ya futi 8 yenye inchi 4 kwa 4 hukaribia kilo 60, kwa hiyo 30 ni karibu tani 1.8. Zikitoka Webuye kwenda Kitale, gharama ya lori huenda ikabadilisha hesabu yote.

Mtarakwa ndio uliosimamisha fensi nyingi za mashamba ya zamani ya Trans Nzoia. Siku hizi sishauri kuutafuta; misitu ya Elgon na Cherangani imekatwa vya kutosha, na mwaka 2018 serikali hata ilisimamisha kwa muda ukataji katika misitu ya umma. Ila ukiwa nao wa zamani, usiutupe. Kata sehemu iliyooza, kilichobaki kitafaa kwa fensi fupi ya bustani. Bungoma kuna njia nyingine: kupanda lusiola mpakani, ukikua upigilie waya. Ni mti unaovumilia, ila unahitaji miaka.

Kosa ghali zaidi haliko dukani, liko mpakani. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inamkabidhi msajili wa ardhi migogoro ya mipaka, na kuondoa alama ya mpaka bila idhini ni kosa. Mara nyingi posti ya zamani ndiyo alama ambayo majirani wamekubaliana nayo. Ukiing'oa na kuchimba shimo jipya nusu futi upande wa pili, umeanzisha kesi.

Hukumu yangu ni hii: Kitale, posti za dawa, kamati ikiziruhusu. Bungoma, penye mchwa wengi na kama lori si ghali, simiti kwenye kona na langoni, za dawa katikati. Na popote ulipo, kabla ya kung'oa posti ya kwanza, mwite jirani asimame nawe mpakani, mpige picha ya kila shimo la zamani, na upande mnaochangia mgawane gharama kwa maandishi.