Linux Mint inasifiwa sana, ila ijaribu kwanza kwenye flashi

Laptopu ya Windows 10 bado inawaka vizuri, lakini tangu Oktoba 14, 2025 Microsoft imesitisha huduma yake ya kawaida kwa mfumo huo. Kuhamia Windows 11 nako kuna masharti: mashine isiyo na chipu ya TPM 2.0 hukataliwa.

Ndiyo maana Linux Mint inatajwa kila kona. Ni mfumo endeshi wa bure, ulianza 2006, na umejengwa juu ya Ubuntu. Menyu yake iko chini kushoto, kwa hiyo aliyezoea Windows hapotei. RAM ya GB 2 inatosha kuanzia, ingawa kwa GB 4 ndiyo utapumua.

Tatizo ni kwamba anayeusifia aliujaribu kwenye mashine yake, siyo yako. Kwako waifai inaweza kugoma au printa isionekane. Microsoft Office nayo haina toleo la Linux. Unapewa LibreOffice, na faili la Word lenye majedwali mengi linaweza kuvurugika. Kwa mtu wa stesheneri, hilo si dogo.

Basi pakua Mint, iandike kwenye flashi tupu (vilivyomo hufutika), kisha washa laptopu kupitia flashi hiyo. Diski yako haiguswi. Jaribu waifai, sauti, kamera na printa. Itakuwa nzito kidogo, hiyo ni kwa sababu ya flashi.

Ukiridhika, hifadhi mafaili yako nje kwanza. Ukichagua kufuta diski wakati wa kusakinisha, picha zote zinaondoka.