Daftari la Karafuu na Elimu ya Kanzidata

Mkulima wa Chokocho, kusini mwa Pemba, akishachuma karafuu zake, akazichambua na kuzianika zikakauka, huzipeleka kwenye kituo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, mnunuzi pekee anayetambuliwa na sheria. Hapo hukaguliwa, hupangiwa daraja, hupimwa, na mwenyewe akalipwa. Tuchukue daftari la mauzo hayo: tarehe, jina la muuzaji, shehia, kilo, daraja, bei, malipo. Anayetaka kujua wanafunzi wa uzamili katika mifumo ya taarifa wanahangaika na nini, autazame mstari mmoja tu wa daftari hilo.

Kwanza jina. Kwetu watoto wengi hupewa jina la babu, hivyo akina Hamad Ali Hamad wanaweza kuwa watatu katika shehia moja, na wote wana mikarafuu. Kanzidata ya uhusiano, yaani hifadhi ya data iliyopangwa katika majedwali, hudai kila mstari uwe na ufunguo, yaani kitu kinachoutambulisha wenyewe tu. Jina halifai. Namba ya simu hubadilika, na pengine nyumba nzima hutumia simu moja. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kilichotungiwa sheria mwaka 2005, kinafaa zaidi. Lakini cha nani? Cha mwenye shamba, cha aliyeikodi mikarafuu msimu huu, au cha kijana aliyetumwa kufikisha magunia kituoni? Programu haina jibu la swali hili. Analo anayejua karafuu huuzwaje Pemba.

Sasa bei. Ukiiandika katika kila mstari, unarudia jambo lile lile mara elfu, na siku karani akikosea tarakimu moja, daraja la kwanza litakuwa na bei mbili. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza atasema: iondoe, weka jedwali la madaraja, kila daraja na bei yake. Amepatia nusu. Bei mpya ikitangazwa akaibadilisha humo, malipo yote ya msimu uliopita nayo yatasomeka kwa bei mpya, na hesabu za mkulima zitaharibika bila mtu kuzigusa. Bei haitegemei daraja peke yake. Hutegemea daraja pamoja na tarehe ilipoanza kutumika. Kujua kipi kinategemea kipi, na kuweza kukithibitisha kwa hoja, ndiyo kazi yenyewe ya uzamili.

Msingi wa elimu hii uliwekwa na Edgar F. Codd, Mwingereza mwanahisabati aliyekuwa akifanya kazi IBM huko San Jose, California. Kabla ya makala yake ya mwaka 1970, mtunga programu alilazimika kujua njia ya kuifikia data ndani ya mashine. Mpangilio ukibadilika, programu huvunjika. Codd alipendekeza data iwekwe katika majedwali yanayotii nadharia ya seti na mantiki, mtumiaji aseme anataka nini, mashine itafute njia. Mwaka 1974 wenzake wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakaitangaza lugha ya kuiuliza kanzidata, iliyokuja kuwa SQL. Codd alipata Tuzo ya Turing mwaka 1981.

SQL yenyewe hujifunzwa kwa wiki chache. Sioni sababu ya kulipa ada ya uzamili kwa ajili yake.

Kinachohitaji miaka ni kuoanisha majedwali na kazi za watu. Kwa mfano, takwimu za vituo vya afya, Zanzibar na Tanzania Bara, hupita katika DHIS2, mfumo uliokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kila kisanduku anachokiongeza mbunifu wa fomu ni kazi nyingine kwa muuguzi, ambaye baada ya kuhudumia wagonjwa huketi na rejista kuhesabu mwisho wa mwezi. Akichoka atakisia, na hakuna ufunguo utakaoligundua kosa hilo.

Kijana wa Pemba unayeomba nafasi ya uzamili, jifunze seti na mantiki kabla hujaanza. Na ukifika kuchagua mada ya tasnifu, usikimbilie data ya duka la mtandaoni la Marekani. Omba ruhusa, kaa kituoni msimu mzima wa karafuu, uone nani analeta, nani anapokea fedha na karani anaandika nini.