Kuba za Kairouan kwa Rangi za Mchoraji wa Ulaya

 

Mwezi wa Aprili 1914 wachoraji watatu wa Ulaya, Paul Klee, August Macke na Louis Moilliet, walizuru Tunisia. Miongoni mwa matunda ya safari hiyo ni mchoro mdogo wa Klee wa rangi za maji, usiofika sentimita 15 kwa upande, uitwao "Kuba Nyekundu na Nyeupe". Hamna ndani yake mtu wala mnyama; ni miraba ya rangi iliyoungana mithili ya viraka, na kati yake kuba zimechomoza. Kwa maelezo yake mwenyewe, ni Kairouan ndipo alipojitambua kuwa mchoraji wa rangi.

Mji huo si mgeni kwa wanafunzi wa fiqhi. Uliasisiwa na Uqba bin Nafi mwaka 50 Hijria (670), na ndimo alimosomesha Imam Sahnun, mwenye Mudawwana ya madhehebu ya Maliki, aliyefariki mwaka 240 Hijria (854). Humo pia imo kuba ya Sahaba Abu Zam'a al-Balawi (R.A.). Watu wa kawaida humwita kinyozi wa Mtume, ilhali hakuwa kinyozi: yasimuliwa tu kwamba alihifadhi nywele za Mtume (S.A.W.) akazikwa nazo.

Je, yafaa familia ya Kiislamu kutundika picha ya kuba kama hizo? Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Ibn Abbas (R.A.) alijiwa na mtu aliyekula kwa kuchora. Alimsomea onyo la Mtume (S.A.W.) kuhusu wachoraji, kisha akamwelekeza kwenye miti na visivyo na roho. Kuba ni mawe na chokaa, basi mchoro wenyewe hauna ubaya.

Uzito uko kwenye kaburi lililo chini yake. Imam Nawawi ameeleza kuwa kujenga juu ya kaburi ni makruhu katika ardhi ya mtu mwenyewe, na ni haramu katika makaburi ya wakfu. Mwenye kuipenda picha kwa rangi zake si sawa na mwenye kuigusa akitaraji baraka. Huyu wa pili aiteremshe leo hii. Lakini hukumu hiyo haimpi kijana yeyote ruhusa ya kushika kibiriti, kama ilivyofanyika Januari 2013 katika zawiya ya Sidi Bou Said huko huko Tunisia. Kuzusha fitina baina ya Waislamu ni munkari mkubwa kuliko ule uliodaiwa kuondolewa.

Libaki suala la mahali pa kuitundika, ambalo akina mama huliuliza zaidi. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na pazia lenye mapambo, na Mtume (S.A.W.) akamtaka aliondoe kwa kuwa lilimshughulisha katika sala. Kwa hiyo picha yenye rangi kali, hata iwe ya Al-Kaaba kwenye kalenda, isiwekwe upande wa kibla katika chumba mnachosalia. Sebuleni hapana neno.

Wallahu aalam.