Duveti la manyoya: lifunge bila kuliharibu

Msikilizaji, unavuka Horohoro kuelekea baridi ya Lushoto, na duveti lako la manyoya ya bata lazima liingie kwenye begi la mgongoni. Ulifungeje?

Kinachotunza joto ni hewa iliyonaswa katikati ya manyoya. Yakilowa hushikana, hewa hutoka, nawe utatetemeka usiku kucha. Kwa hiyo lianike likauke kabisa kwanza. Usilikunje kwa mikunjo ileile kila safari. Lisokomeze taratibu kwenye mfuko mpana wa turubai, uuweke juu ya mizigo mizito. Rambo usiitegemee: mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019.

Ukifika, litoe, likung'ute, livimbe. Nyumbani usilihifadhi likiwa limebanwa. Manyoya yaliyobanwa muda mrefu hulala, joto likapungua.