Nani Ashike Muhuri?

Mtu wa Nakivale hahitaji kuelezwa uzito wa muhuri. Tangu makazi hayo ya wilaya ya Isingiro, jirani na Mbarara, yaanze kupokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, majirani wameishi ua kwa ua huku karatasi zao zikipita njia mbalimbali. Mkongomani hupokelewa kwa sababu ya alikotoka. Mnyarwanda sharti ahojiwe na kamati. Mrundi alikuwa kundi moja na Mkongomani hadi 2017, serikali ilipobadili utaratibu, akajikuta kundi la pili ilhali yeye mwenyewe hakubadilika hata unywele. Anayeyajua hayo ana ufunguo wa jambo linaloonekana kuwa mbali naye kabisa: mgawanyiko unaowasumbua Wayahudi wa leo. Wengi husema ni ugomvi kati ya washika dini na walegevu. Mimi naona ni ugomvi wa muhuri, yaani nani mwenye mamlaka ya kusema huyu ni mwenzetu na yule siye. Ushahidi wake hauko Yerusalemu peke yake. Uko pia hapa Uganda, karibu kilomita 500 kutoka Mbarara, pande za Mbale.

Huko wanaishi Abayudaya, Wayahudi wa Uganda. Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitawala mashariki kisha akakosana nao, alisoma Torati, na mwaka 1919 akajitahiri pamoja na wanawe. Alifariki 1928. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao, jumuiya iliyokadiriwa kuwa na watu 3,000 ilibaki na kama 300, waliosali kwa kujificha. Hapa ndipo pa kutazama kwa makini: mateso hayakuwagawa, mapokezi ndiyo yaliyowagawa. Mwaka 2002 walikuja marabi wa mkondo wa Konsavativu, ulio katikati ya Waothodoksi wanaoshika sheria kwa ukali na Wareforma wanaoilegeza, na watu kama 400 wakaingizwa rasmi katika Uyahudi. Wenzao wa kijiji cha Putti walikataa, wakijua kwamba kwa Waothodoksi muhuri huo si kitu. Wao wakautaka wa Kiothodoksi. Gershom Sizomu, wa upande wa kwanza, alipata urabi Los Angeles mwaka 2008, na 2016 akachaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Lakini sala kamili ya Kiyahudi hutaka watu wazima kumi. Waothodoksi huhesabu wanaume tu, Wakonsavativu wengi huhesabu na wanawake. Kwa vijiji vyenye familia chache, kugawanyika si suala la nadharia.

Mizizi ya jambo hili iko Israeli. Sheria ya mwaka 1950, iliyopanuliwa 1970, humpa uraia hata mwenye babu au bibi mmoja Myahudi. Mtu huyohuyo akitaka kuoa, mamlaka ya ndoa yako kwa marabi wakuu wa Kiothodoksi, nao waweza kumwambia si Myahudi. Januari 2016 serikali iliridhia sehemu ya kusalia wanaume na wanawake pamoja kwenye Ukuta wa Magharibi; Juni 2017 ikausimamisha mpango huo. Abayudaya nao walitambuliwa na Shirika la Kiyahudi mwaka 2016, lakini miaka miwili baadaye Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli ikamnyima mmoja wao uraia.

Mothodoksi atajibu kwamba nyumba isiyo na mlango si nyumba, na kwamba taifa lililotawanyika karne nyingi limesalimika kwa kushika sheria. Hoja hiyo ina uzito, na watu wa Putti si wakaidi: walichagua nira nzito zaidi ili pasitokee wa kuwapinga kesho. Ila uamuzi wao wenyewe waonyesha kuwa swali lilikuwa ni la kutambuliwa. Mlango na uwepo. Tatizo ni mabawabu wawili wa nyumba moja, kila mmoja akimfukuza aliyekaribishwa na mwenziwe. Wengine watasema mfarakano halisi ni wa siasa, kama ule wa mamlaka ya mahakama uliojaza barabara za Tel Aviv mwaka 2023. Kweli, lakini hata ule ulihusu nani awe na neno la mwisho.

Neno la Kiebrania *shalom* lina mzizi mmoja na neno lao la ukamilifu, na ni ndugu wa *salama* yetu. Anayeombewa arudi salama salimini huombewa arudi mzima, bila kupungua. Abayudaya waliwahi kuonja uzima huo: mwaka 2004 mmoja wao, J.J. Keki, alianzisha ushirika wa kahawa wa Mirembe Kawomera, yaani amani tamu, wa Wayahudi, Waislamu na Wakristo. Tusiusifu kupita kiasi, maana kukaa na wa dini nyingine mara nyingi ni rahisi kuliko kukaa na ndugu anayekukana. Mwislamu wa ushirika hana haja ya kuamua kama jirani yake ni Myahudi wa kweli. Kauli kwamba siye hutoka kwa Wayahudi wenzake, na ni wao tu wanaoweza kuifuta.